Bilioni mbili na ushei: sababu kumi za kuipenda 2,147,483,647

Kikoba chetu kilipoamua kuhamisha daftari la wanachama kwenye kompyuta, kazi ilinishukia mimi katibu. Nilikesha nikiandika majina, hisa, madeni na namba za simu za watu 27, kila simu ikianza na 255 kama inavyotakiwa. Asubuhi mweka hazina akafungua orodha, akanyamaza, kisha akaniita: "Katibu, mbona wote tuna simu moja?"

Nikasogea. Kuanzia mwanachama wa kwanza hadi wa 27, safu nzima ya simu ilisomeka 2147483647. Mama mmoja akapendekeza tumpigie mwenye namba tumuulize alifikaje kwenye kikoba chetu bila kulipa kiingilio.

Kosa lilikuwa dogo. Safu ile ilitengewa namba isiyozidi 2,147,483,647. Simu ya Tanzania ukiiandika na 255 mbele ni namba inayozidi bilioni 255, kwa hiyo programu ilimpokea kila mtu kwa heshima zote na kumkalisha kwenye kiti cha mwisho kilichokuwepo. Nikabadilisha safu iwe ya maandishi, simu nikaziandika upya, kikao kikaendelea. Lakini namba yenyewe haikunitoka kichwani. Nimeifuatilia tangu siku ile, na kila ninapofika naikuta imetangulia. Ina tarakimu kumi, nami nina sababu kumi. Tuhesabu kurudi nyuma.

10. Inasomeka vizuri, na kompyuta inaisoma vizuri zaidi

Jaribu kwa sauti: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukimaliza bila kuvuta pumzi, njoo uwe mhasibu wetu.

Kompyuta haihitaji pumzi. Yenyewe ina tarakimu mbili tu, 0 na 1, na namba hii huiandika kwa 1 zilizojipanga 31 bila 0 hata moja kati yake. Mbele yake kuna nafasi ya 32, ya kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Ni kama mita ya gari iliyofika 999,999: kila gurudumu limejaa, na kilomita moja zaidi inageuza kila kitu.

9. Ni kibubu cha Januari

Hii ndiyo ninayowapa watoto wa jirani, na hakuna aliyewahi kuniamini kabla ya kuchukua kalamu. Tarehe 1 Januari weka shilingi moja kwenye kibubu. Tarehe 2 weka mbili. Tarehe 3 weka nne, tarehe 4 weka nane, na uendelee hivyo, kila siku mara mbili ya jana.

Tarehe 10 una shilingi 1,023. Nauli hiyo. Tarehe 15 una 32,767, na sasa mwenzio nyumbani ameanza kuuliza kibubu kimewekwa wapi. Tarehe 20 una 1,048,575, umeingia kwenye mamilioni na mwezi bado una siku kumi na moja. Tarehe 31, siku ya mwisho, unatakiwa kutumbukiza shilingi 1,073,741,824 kwa mpigo. Ukivunja kibubu usiku huo unakuta 2,147,483,647 kamili: mabunda 2,147 ya milioni moja moja, na juu yake 483,647 za chenji.

Tazama jambo moja hapo. Unachoweka siku yoyote kinazidi jumla ya siku zote zilizopita, na kinaizidi kwa shilingi moja tu. Ndiyo maana hesabu inaishia na "kasoro moja": 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Februari ya siku 28 ingekupa 268,435,455 tu, theluthi ya bilioni haifiki. Siku tatu za mwisho wa mwezi ndizo zinazobeba karibu mzigo wote, na huo mshangao sijauzoea mpaka leo.

8. Majirani zake hawafanani naye

Shuleni tulifundishwa namba tasa: isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe. Namba yetu ni tasa. Sasa angalia inakaa na nani.

Ukiwa na maembe 2,147,483,646 unaweza kuyagawa sawasawa kwa watu wawili, watatu, sita, saba, tisa, kumi na mmoja, hata thelathini na mmoja. Namba hiyo ina vigawo 192. Ni nyumba isiyokosa wageni. Ongeza embe moja tu na mgao wote unavunjika: ama ule peke yako, ama kila mtu duniani apokee moja mpaka yaishe. Ongeza la pili, upate 2,147,483,648, nayo inakubali kukatwa nusu mara 31 mfululizo hadi libaki embe moja, lakini kwa watu watatu haigawiki kabisa. Vigawo 32.

Kwa hiyo, kwa mpangilio wa nyumba: 192, kisha 2, kisha 32. Ukuta mmoja tu kati yao.

7. Inahamisha sufuria

Chukua sufuria tatu za ukubwa tofauti, uzipange ndogo juu ya kubwa, na weka alama tatu sakafuni. Hamisha rundo lote kutoka alama moja hadi nyingine, sufuria moja kwa wakati, bila kamwe kuweka kubwa juu ya ndogo. Itakuchukua hatua 7. Sufuria nne, hatua 15. Mchezo huu alitutolea Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883, yeye akitumia visahani vya mbao, akauita Mnara wa Hanoi.

Sufuria 31 zinahitaji hatua 2,147,483,647. Ukihamisha moja kila sekunde, bila kulala, utamaliza baada ya miaka 68 na siku kadhaa. Ishike hiyo 68. Tutakutana nayo tena.

6. Ilishusha mabega ya marubani

Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787. Vidhibiti vya jenereta zake vikiachwa na umeme mfululizo kwa siku 248, kihesabio ndani yake kinafurika, na vyote vinaweza kujizima kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Dawa ya kwanza ilikuwa ile ile anayokupa fundi simu wa mtaani: zima, washa.

Kwa nini 248? Hesabu muda kwa sehemu ya mia ya sekunde. Ukifika 2,147,483,647 zimepita siku 248 na nusu hivi. Hiyo 248 nayo ihifadhi. Inarudi kwenye namba moja kwa sura tofauti kabisa, na siku niliyoiona nilisimama kwenye kiti.

5. Ilikutana na PSY

Video ya "Gangnam Style" ya mwanamuziki wa Korea Kusini, PSY, ilitoka Julai 2012. Kila harusi ya mwaka ule ilikuwa na mjomba mmoja aliyepanda farasi asiyekuwepo. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba video hiyo imetazamwa mara nyingi kupita uwezo wa kihesabio chao, ambacho kikomo chake kilikuwa 2,147,483,647. Wakaweka kipya kinachofika 9,223,372,036,854,775,807.

Paa limeinuliwa, sawa. Lakini paa jipya linagawanyika kwa 7! Nimejaribu mwenyewe: 2 kwa kipeo cha 63 kasoro 1, na kwa kuwa 63 inagawanyika kwa 3, 7 inaingia bila hodi. Vikomo vya kompyuta vya aina hii vinavyotumika sana ni vinne: 127, 32,767, 2,147,483,647 na hilo jitu. 32,767 nayo inagawanyika kwa 7. Zilizo tasa ni mbili tu, 127 na yetu. Hakuna mhandisi aliyechagua iwe hivyo.

4. Inachanganya karata bila kurudia hata moja

Kompyuta haijui kubahatisha. Ikitaka namba zinazoonekana za bahati nasibu, lazima izihesabu. Mwaka 1988 Park na Miller, wataalamu wawili wa Marekani, walishauri njia moja iwe kipimo cha chini ambacho nyingine zote zisishuke chini yake: chukua namba uliyonayo, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, na kinachobaki ndicho namba yako mpya.

Anza na 1. Unapata 16,807. Kisha 282,475,249. Kisha 1,622,650,073. Kisha 984,943,658. Zinaruka huku na huko kama kuku aliyefunguliwa kamba. Ukifanya hivyo mara 10,000 lazima ufike 1,043,618,065; walioandika programu zao walitumia namba hiyo kujipima kama hawajakosea.

Uzuri wenyewe ni kwamba mfuatano huu hupita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi 1. Haukwami kwenye 0 na haujirudii katikati. Utasa wa namba ndio unaozuia kukwama, na 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, ndiyo inayohakikisha hakuna nyumba inayorukwa.

3. Ilitangazwa kuwa mwisho wa safari

Ukiiacha yenyewe, 6 ina vigawo 1, 2 na 3, na ukivijumlisha unarudi kwenye 6. 28 ina 1, 2, 4, 7 na 14, jumla, 28. Namba kama hizi, timilifu, zilimvutia Euklidi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, naye akaonyesha zinakotoka: chukua jumla ya kibubu ikiwa ni tasa, izidishe kwa ulichoweka siku ya mwisho. Siku mbili: 3 mara 2, unapata 6. Siku tatu: 7 mara 4, unapata 28. Siku tano: 31 mara 16, unapata 496.

Kibubu cha Januari kinakupa timilifu ya nane: 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Hoja yake ilikuwa kwamba namba hizi zinafurahisha tu bila kuwa na kazi, hivyo hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine. Barlow hakuwa mjinga. Alikuwa mtu makini ambaye majedwali yake ya hesabu yalitumika kwa vizazi. Alichokosea ni kuwapima watu kwa faida. Watu tunajisumbua!

Mwaka 1876 Lucas, yule wa sufuria, alipata tasa ya 2 kwa kipeo cha 127 kasoro 1, na timilifu yake ikaacha ya Barlow mbali kabisa. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, padri wa kijijini Urusi, akathibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 61 kasoro 1 ni tasa. Iandike chini ya ile ya Barlow uone:

2,305,843,008,139,952,128
2,305,843,009,213,693,951

Tarakimu tisa za mwanzo ni zile zile. Tofauti yake ni 1,073,741,823, kibubu cha mwezi wa siku 30. Barlow alisimama kwenye kizingiti, na tasa iliyofuata ilikuwa imeketi barazani. Leo timilifu zinazojulikana ni 52. Ya mwisho ilitokana na tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320.

2. Ina miadi nasi Jumanne moja

Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, yaani kwetu Afrika Mashariki saa tisa za usiku. Zile zinazoihifadhi hesabu hiyo kwenye nafasi 32 zitajaa sekunde ya 2,147,483,647. Hiyo ndiyo miaka 68 ya sufuria.

Siku yenyewe ni Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Chai iko jikoni, watoto wanatafuta soksi. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itageuka hasi na kuamini kwamba ni Ijumaa, 13 Desemba 1901, saa tano na dakika 45 usiku. Desemba ile ile ndipo reli kutoka Mombasa ilipofika ukingo wa Ziwa Victoria. Mashine itakuwa imerudi kwenye dunia ambayo treni ya Kisumu ni habari mpya.

Simu iliyo mfukoni mwako sasa hivi huenda imeshahamia kwenye nafasi 64, na huko muda unatosha kwa zaidi ya miaka bilioni 290. Zinazonifikirisha ni zile zilizofungwa ndani ya vitu: pampu, mita, mitambo ya kiwanda, mashine iliyopakwa rangi mara tatu na hakuna anayekumbuka nani aliifunga. Kama unatunza mojawapo, iulize sasa. Miaka iliyobaki hadi 2038 si mingi.

1. Mzee asiyeona aliithibitisha

Kwamba ni tasa, nani alijua, na alijuaje?

Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu chake cha mwaka 1603, alisema kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa tasa. Mwanahisabati Fermat akaivunja ya 23 na ya 37. Mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaivunja ya 29. Ikabaki 31 peke yake, haijathibitishwa, haijavunjwa.

Mwaka 1772 Euler alikuwa St. Petersburg, ana miaka 65 hivi, na karibu haoni kabisa. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha miaka mingi nyuma, la kushoto likafuata. Aliendelea kufanya kazi kwa kusema na wengine kuandika. Mwaka huo, katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli, alitoa habari: 2,147,483,647 ni tasa. Ikawa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, na hakuna aliyeipita kwa zaidi ya miaka 75.

Njia ya kawaida ni kujaribu kuigawanya kwa kila tasa mpaka ufike kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei. Tasa za chini ya hapo ni karibu 4,800. Kwa kalamu, hiyo ni kazi ya msimu mzima.

Euler hakuanza kugawanya. Alianza kwa kuuliza: kama namba hii ina kigawo, kigawo hicho lazima kiweje? Fikiria unazidisha 2 kwa 2 tena na tena, na kila mara unagawanya kwa hicho kigawo na kuangalia baki. Baki zitazunguka na kurudi 1, na kwa kuwa 31 haigawanyiki, mzunguko huo lazima uwe wa hatua 31 kamili. Mzunguko kama huo hauingii popote ila pale ambapo kigawo, ukitoa 1, kinagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa kigawo cha namba witiri hakiwezi kuwa shufwa, ukitoa 1 lazima kigawanyike kwa 62. Papo hapo, tasa nyingi mno zimetoka mchezoni.

Kisha akakaza tena. Kigawo chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Unganisha masharti mawili na vinabaki vigawo vya aina mbili tu: vile ambavyo ukivigawanya kwa 248 vinabakiza 1, na vile vinavyobakiza 63.

Naam, 248. Ni 8 mara 31. Siku za ndege na vigawo vya Euler havina undugu wowote, vimekutana tu njiani kwenye namba moja. Ndipo niliposimama kwenye kiti.

Kutoka 248 hadi 46,340 kuna namba 372 za aina hizo, nyingi zake hata si tasa, unaziona kwa jicho kwamba zinagawanyika kwa 3 au 5 au 7. Zilizobaki ndizo za kujaribu moja moja. Kazi ya msimu imekuwa kazi ya siku chache, kwa mtu aliyetangulia kufikiri.

Kuisoma hakukunitosha, nilitaka kuishika. Jumapili iliyopita nilikaa barazani na daftari la zamani la kikoba, kurasa za nyuma zisizoandikwa, simu nimeiacha ndani. Ya kwanza kwenye foleni ni 311. Inaingia mara 6,905,092, baki 35. Ya pili ni 1,303: mara 1,648,107, baki 226. Hapo nilikosea mara mbili kwenye kukopa, nikafuta, nikarudia. Ya tatu ni 1,489: mara 1,442,232, baki 199. Mweka hazina akapita, akatazama ukurasa, akauliza kama ni madeni ya nani. Nikamwambia ni ile simu yetu sote. Akavuta kigoda.

Ya nne ni 2,543. Kalamu ameishika yeye.